Ubao wa mama mdogo

Haya jamani, nimerudi. Wiki tatu sijaandika kitu humu na najua wengine mmeanza kudhani nimedisko. Bado nipo. Mwaka wa pili uleule, chumba kilekile, na deni la mama lishe ni lilelile ila limenenepa kidogo. Kilichonipoteza ni testi mbili na ubao mmoja. Testi zimekwisha. Ubao ndio nataka kuwasimulia leo, maana umenila hela, umenila usingizi, na nusura unikoseshe nafasi ya timu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba jioni baada ya vipindi sipatikani maktaba wala kijiweni. Napatikana ukumbini, pale penye meza mbili za tenisi ya meza. Wengine mnaita mpira wa meza, wengine pingpong, yote sawa. Meza moja ni nzima na nyingine mguu wake umewekewa kipande cha tofali. Reketi yangu ilikuwa ya dukani, ile inayouzwa ikiwa imeshabandikwa raba kila kitu, na mipira miwili ya bure ndani ya mfuko. Nimecheza nayo tangu kidato cha tano. Raba zake zilishakuwa laini kama ndala ya zamani, kingo zimeliwa, lakini mkono wangu ulikuwa unaijua. Mimi si mpigaji. Mimi ni mtu wa kurudisha mpira mara kumi mpaka mwenzangu achoke akosee. Kumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

Sasa, mama mdogo ana duka la mapazia Kariakoo, na mara mbili kwa mwaka anakwenda Guangzhou kuchukua mzigo. Safari hii kabla hajaondoka akanipigia.

"Mwanangu, nikuletee nini? Usiseme laptop."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama mdogo, ukipata nafasi niletee ubao wa tenisi ya meza. Ule wenyewe hasa, wa wachezaji."

Hapo ndipo nilipokosea. Sikusema wa aina gani. Yeye ni mfanyabiashara, akaingia dukani akauliza kama anavyouliza mapazia: upi ni mzuri kuliko wote? Muuzaji akamwonyesha ule wa haraka kuliko wote. Akaununua, akauviringishia khanga ndani ya sanduku, akanikabidhi mwenyewe dukani kwake. Nikafungua. Ubao mtupu, unang'aa, hauna raba hata upande mmoja.

"Wamekupa nusu?" akauliza, ameshaanza kukasirika na muuzaji wa huko.

"Hapana mama mdogo, ndivyo unavyouzwa. Raba mtu anachagua mwenyewe."

"Basi chagua," akasema, kama vile ni kuchagua nyanya.

Nilirudi chuo nikausoma ule ubao kama desa la usiku wa kuamkia mtihani. Ukiutazama ubavuni unaona tabaka saba: tano za mbao, na mbili nyeusi nyembamba kama mstari wa kalamu. Hizo nyeusi ndizo kaboni. Sheria za ITTF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao halisi, na tabaka moja la nyuzi kama kaboni lisizidi milimita 0.35. Kwa hiyo kaboni ni kidogo sana. Ila ni kama pilipili kwenye mchuzi, udogo wake usikudanganye.

Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba mahali kaboni ilipokaa ni muhimu kuliko kuwepo kwake. Ikikaa ndani, karibu na moyo wa ubao, ukigusa mpira polepole unaona kama unacheza na mbao tupu. Kaboni inaamka ukipiga kwa nguvu. Ikikaa nje, chini tu ya ngozi ya juu, haisubiri kuamshwa, iko macho muda wote. Ya kwangu imekaa nje. Mshikaji wangu mmoja wa kemia aliupima kwenye mizani yao: gramu 88.

Halafu kuna jambo lilinichekesha. Miti inayotumika sana kutengenezea mbao za mchezo huu, yaani limba, koto na ayous, inatoka misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Inakatwa huku kwetu, inakwenda Asia, inachanwa nyembamba na kubandikwa, halafu mama mdogo anapanda ndege kwenda kuirudisha. Tuyaache hayo, tusije tukaanza siasa.

Basi ikabaki raba. Raba si kifuniko cha ubao. Ndiyo inayougusa mpira. Mpira wenyewe una gramu 2.7 tu, na unakaa kwenye reketi kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi sponji iliyo chini ya raba inabonyea na kuurudisha, na ngozi ya juu inaushika na kuuzungusha. Mwaka 1952 kule Bombay, Mjapani mmoja, Hiroji Satoh, alichukua ubingwa wa dunia kwa reketi ya sponji nene wakati wenzake wanatumia raba za vipele zisizo na sponji. Walizoea kuusikia mpira ukigongwa, kwake hawakusikia kitu. Mwaka 1959 ITTF ikaweka mipaka, na mpaka leo raba, sponji na gundi kwa pamoja havitakiwi kuzidi milimita 4.0.

Nikaenda kwa mshikaji wangu wa uhandisi, ambaye ndiye bingwa wa bweni letu. Yeye anapiga. Mpira wowote ukikaa vibaya kidogo anaumaliza. Akauona ubao, macho yakamtoka.

"Oya, hii ngoma ni noma! Weka raba za haraka pande zote mbili, sponji nene kabisa. Mchujo ukifika unawafunga watu midomo."

Akaniazima raba zake za zamani, za Kijerumani, zile ambazo sponji yake imevutwa wakati wa kutengenezwa ili irushe mpira. Tukabandika usiku huohuo. Kesho yake jioni nikaingia ukumbini nimejaa kifua kama nimeshachukua kombe.

Nilifungwa 11-3, 11-4, 11-3. Aliyenifunga ni dada mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa namfundisha kusevu.

Nilipopiga kwa nguvu mpira ulikuwa unakwenda vizuri tu, tena watu waliguna. Matatizo yalikuwa kwenye mpira mdogo. Yeye anasevu mfupi, mimi nagusa tu niurudishe mfupi, mpira unaruka mpaka mwisho wa meza, au unapita kabisa. Nikizuia mkwaju wake, unakwenda nje. Meza ina mita 2.74 tu, ikigawanywa na neti unabaki na mita 1.37 za kutua. Ubao wangu na zile raba vilitaka uwanja wa Taifa. Najua mnataka kuniambia haraka haraka haina baraka. Nimeshaambiwa, tena na watu wasiojua hata kushika reketi.

Mshikaji akasema nitazoea. Labda. Lakini mchujo wa timu ya kwenda kwenye michezo ya vyuo ulikuwa baada ya siku kumi na nane. Akaniambia kama nimeshindwa, yeye ataununua ubao kwa laki na nusu, na juu yake anipe ubao wake wa zamani, wa mbao tupu tabaka tano. Sikieni, laki na nusu! Mimi nilikuwa na elfu sita mfukoni na bumu halijaingia. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naona laki na nusu, halafu namwona mama mdogo anafungua ile khanga.

Asubuhi nikaenda kwa mzee wa karakana. Huyu ni fundi seremala, anatengeneza viti na madawati yetu, na zamani alikuwa mchezaji. Jioni nyingine anakuja ukumbini, anakaa benchi, haongei. Nikamwamkia, nikamkabidhi reketi. Akaizungusha, akaigonga na kidole akisikiliza, kama anavyogonga mlango.

"Nikuambie ukweli, kijana?"

"Niambie, mzee."

"Ubao huu si wako. Kwa mchezo wako ningekuwa mimi ningeuuza, nichukue wa mbao tupu. Raba haiwezi kuugeuza ubao. Inaweza kuupunguza makali tu."

Nikamweleza habari ya mama mdogo. Akanyamaza kidogo.

"Basi hapo hauuziki," akasema. "Tuupunguze makali."

Jioni akanifanyia kipimo ambacho nawapeni bure. Mnasimama pande mbili za meza, yeye anakupa mpira mfupi wenye spini ya chini, wewe unausukuma mfupi. Mara hamsini. Unahesabu mingapi, ukiiacha, ingedunda mara mbili upande wake bila kutoka mezani. Kwa reketi yangu ya zamani nilipata 31. Kwa ubao mpya na zile raba za kurusha nilipata 9. Akaandika kwa penseli ya useremala kwenye ukuta wa karakana: 31, 9. "Ukifika 25 unaweza kucheza," akasema.

Halafu akanieleza, na nafupisha kwa faida ya wale wenye ubao kama wangu.

Kwanza, unene wa sponji. Ubao wa haraka haudai sponji nene. Sponji ya milimita 2.2 ina nafasi kubwa ya kubonyea na kurusha. Ya 1.8 mpira unafika kwenye mbao mapema, unauhisi, na ukigusa polepole haurushwi sana. Unapoteza nguvu kidogo ukipiga kwa mbali, lakini nguvu ndicho kitu ubao wangu unacho cha kumwaga.

Pili, aina ya raba. Kuna zinazorusha zenyewe, kama zile za Kijerumani, na kuna zinazongoja mkono wako. Raba za Kichina zenye kunata, kama Hurricane 3 ya DHS, ni za kungoja. Sponji yake ni ngumu, ngozi inanata kiasi kwamba ukiubonyeza mpira na kuigeuza reketi, mpira unaning'inia kidogo kabla ya kudondoka. Ukigusa polepole inakuwa kama imekufa, mpira unabaki mfupi. Ukipiga kwa mkono mzima inaamka. Ila mkono mvivu haiutaki. Na mkinunua msichanganye vipimo vya ugumu: digrii 39 za Kichina ni ngumu kuliko digrii 45 za Kijerumani, mizani ni tofauti.

Tatu, pande mbili za reketi si lazima zifanane. Tena kwa rangi hazitakiwi kufanana kabisa: upande mmoja mweusi, mwingine rangi ya kung'aa. Zamani rangi hiyo ilikuwa nyekundu tu, tangu 2021 wameruhusu pia waridi, zambarau, kijani na bluu. Fohendi yangu, kiganja kikitazama mbele, ina mzunguko mrefu wa mkono, kwa hiyo inaweza kuiamsha raba ngumu. Bekhendi yangu, mgongo wa mkono ukitazama mbele, ni ya kuzuia na kusukuma tu. Huko nahitaji kitu laini zaidi, chenye tabia ya wastani. Mzee akataja Mark V ya Yasaka. Raba hiyo ilitoka mwaka 1969 na mpaka leo watu wanaitumia. "Hii nimeicheza mimi," akasema. Hiyo tu, hakusema kingine.

Nne, uzito. Ubao gramu 88, raba ya Kichina ikishakatwa kama 49, ya bekhendi kama 45. Jumla 182 kabla ya gundi. Inabebeka. Ukiweka raba nzito pande zote mbili unakaribia 190, na mkono wa mla chipsi kama mimi utachoka seti ya tatu.

Hela sasa. Bumu likaingia, nashukuru. Hurricane 3 niliipata kwa mfanyabiashara mwenzake mama mdogo aliyekuwa anarudi kutoka hukohuko Guangzhou, elfu arobaini na tano. Mark V ya milimita 1.8 niliipata kwa mchezaji mmoja mjini, ikiwa kwenye pakiti haijafunguliwa, elfu themanini. Jumla laki moja na ishirini na tano. Hiyo ni hela yangu ya kula ya wiki mbili, na nisiwafiche, nilikula mihogo ya kukaanga na chai mpaka nikamzoea muuzaji kama ndugu. Kuna siku nilikaa kwenye kipindi cha saa mbili tumbo linaongea kuliko mhadhiri. Nilijiuliza kama nina akili timamu. Sijapata jibu.

Kubandika tulifanyia karakana. Mimi nilikuwa nimekuja na kopo la gundi ya fundi viatu. Mzee akalitoa nje kabisa. Akasema miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya waligundua kwamba gundi ya kuzibia pancha za baiskeli inaipa sponji kasi na spini, ikawa mtindo wa dunia nzima, mpaka ITTF ilipozikataza gundi zenye vimiminika vya sumu mwaka 2008 kwa ajili ya afya za watu. "Na wewe," akasema, "kasi ndiyo tunayoikimbia. Sasa unaitafuta tena kwenye kopo?" Nikaona aibu.

Tukatumia gundi nyeupe ya maji. Kwanza akapaka ubao vanishi kidogo sana, akaifuta, ikakauka usiku mzima, kusudi siku ya kubandua raba ngozi ya mbao isitoke nayo. Halafu gundi kwenye sponji na kwenye ubao kwa kipande cha godoro, unasubiri mpaka weupe uishe iwe kama kioo. Ukiwa na haraka inatoa mapovu. Tukalaza raba kuanzia kwenye mpini, tukaikandamiza kwa kifimbo cha kusukumia chapati nilichoazima kwa mama lishe, kisha akakata kingo kwa wembe mpya, mzunguko mmoja bila kusimama. Mkono wa seremala huo. Mimi ningeukata kama mkate.

Jioni tukarudi kwenye kipimo. Siku ya kwanza 19. Baada ya siku tano, 24. Siku ya tisa nikafika 27, akaandika ukutani chini ya zile nyingine, akarudi kwenye dawati lake. 31 sijaifikia mpaka leo. Ile raba inayonata ina adha zake pia: hapa Dar vumbi na jasho la hewa vinaiua, kila baada ya gemu unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuifunika kwa karatasi yake ya nailoni. Lakini mpira ukawa unakaa mezani. Na mara mojamoja, nimesukuma mipira sita saba, mwenzangu amejisahau, nikaiachia fohendi. Hapo ndipo nilipoijua kaboni. Ulikuwa unaondoka kabla sijamaliza kupiga.

Mchujo ukafika. Nafasi nne, watu kumi na mmoja. Mshikaji wa uhandisi akawa wa kwanza bila jasho. Mimi nikashinda sita, nikapoteza nne. Ya mwisho nilipoteza kwa yuleyule dada wa mwaka wa kwanza, seti ya tano, 12-10. Safari hii alinishinda kwa mchezo wake, si kwa ubao wangu, na hilo mtu unalijua ukiwa palepale mezani. Nikawa wa tano. Mchezaji wa akiba. Nasafiri na timu, nabeba maji, mtu akiumia kifundo naingia.

Nilimpigia mama mdogo nikamwambia nimechukuliwa. Neno akiba nilimung'unya kidogo. Jumamosi akaja chuo na mfuko wa machungwa na sambusa za mkoa mzima, akataka aone ule ubao unavyofanya kazi. Nikamtolea reketi. Akaigeuza upande mweusi, akaigeuza upande mwekundu, akaishika kwa vidole viwili kama amekuta kombamwiko.

"Mwanangu," akasema, "mbao nzuri vile, inang'aa. Mbona umeifunika yote?"

Mzee wa karakana alikuwa benchi. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilimsikia akicheka.

Haya, niishie hapo. Kesho asubuhi nina semina na sijasoma hata ukurasa mmoja, na huyu jirani yangu wa kitanda cha juu analalamika taa. Nikirudi na timu nitawaeleza kama kuna mtu aliumia kifundo. Siombei, lakini.